Uzio Chini ya Bwawa

Kila mwaka, majani ya milimani yanapoanza kuwa mekundu, ukoo wa Mama Nicie Toineeta ulijipakia kwenye boti lao la bati, ukapiga makasia hadi katikati ya bwawa na kudondosha mawe majini. Kila mtu jiwe lake, mkubwa kwa mdogo. Wageni waliokuja kuvua kwa starehe waliwatazama kutoka kwenye viti vyao vya kukunja, wakatikisa vichwa. Nao tusiwalaumu. Mtu mzima, kavaa koti la kanisani, anashika jiwe kwa mikono miwili, analinong'oneza, analiachia, linalia chubwi, kisha huyo anarudi nyumbani kunywa kahawa. Hata wewe ungetikisa kichwa.

Lakini chini ya maji yale kulikuwa na uzio. Ndivyo alivyosema bibi yake Mama Nicie, na ndivyo Mama Nicie alivyowaambia wanawe. Zamani, kabla kampuni ya umeme haijajenga ukuta wa bwawa, mto ulikuwa wa kuvukwa kwa miguu, na watu wa kale ambao hakuna aliyejua majina yao walikuwa wamepanga mawe kutoka kingo zote mbili, mabawa mawili yanayoteremka na mkondo hadi yakaribiane katikati. Hapo katikati waliacha mdomo, na mdomoni wakatega mgono, kikapu kirefu cha mianzi cha kunasia samaki. Kijiji kizima kiliingia mtoni juu kule, kikapiga maji kwa matawi na kelele, na samaki wakaswagwa hadi mgononi. Askari walipowakusanya Wacheroki, kabila lao, kuwapeleka magharibi kwa miguu, wale waliojificha milimani walishuka kwenye uzio huo kwa kunyata, na ndio uliowaweka hai. Dorene, binti wa Mama Nicie, asingezaliwa bila samaki wale.

Uzio ulikuwa na kanuni moja: aliyekula, sharti aurudishie jiwe. Mto kwao si kitu, ni mtu. Wanamwita Mtu Mrefu. Kichwa chake kiko milimani na miguu yake iko nchi tambarare, na kila masika anajinyoosha na kutawanya mawe, kwa hiyo kila mwaka maji yanapopungua watu huyarudisha. Bwawa lilipojaa na kuumeza uzio pamoja na mashamba ya mahindi, wengi waliona basi, yamekwisha. Bibi yule hakuona hivyo. "Maji yamefunika uzio," alisema, "hayakufunika kanuni." Akatafuta boti.

Dorene alidondosha jiwe lake la kwanza akiwa amebebwa mgongoni. Tangu alipofika umri wa kuringa mbele ya wavulana, kusema kweli, hakuamini tena. Alikwenda kwa ajili ya mama yake. Jiwe lilizama, maji yakafunga, na hakuna aliyepata kujua limeangukia wapi. Ni sawa na kugonga mlango gizani mwaka baada ya mwaka na kuambiwa nyumba ipo.

Sasa ukuta wa bwawa ulikuwa umezeeka. Baraza la kabila na kampuni walikubaliana ubomolewe, na tangu kiangazi maji yalikuwa yakiteremshwa pole pole. Habari hiyo ilimfikia Mama Nicie asubuhi. Ugonjwa wa sukari ulikwisha kumla macho, na daktari alikuwa amemwambia Dorene kandoni kwamba moyo wa mama umechoka, wasitarajie masika mengine. Jioni yule mzee akasema, "Nipelekeni majini pale pale."

Dorene alielewa, na alitamani asingeelewa. Kwenda majini ni kwenda alfajiri kabla ya kula, kuingia mtoni na kuzama mara saba huku uso ukielekea jua linakotokea. Mama yake Mama Nicie, na bibi yake, na wote waliowatangulia, walizamishwa kwenye mdomo wa uzio wakiwa wachanga. Mama Nicie mwenyewe alizaliwa bwawa limeshajaa. Alikuwa ameosha huzuni zake zote kwenye vijito vya pembeni, kama mtu anayesali kwa jirani kwa sababu kwake kumeanguka.

"Na kama uzio haupo, mama?" Dorene aliuliza.

"Basi utaniambia haupo. Lakini uende kuutazama kwanza, usiniambie kwa mdomo wa uvivu."

Aliyeutazama kwanza alikuwa Posey Wachacha. Posey ni mtoto wa mdogo wake Mama Nicie, kwa hiyo ni kaka yake Dorene, na kwa uzito ni kaka wawili. Alipiga simu Ijumaa asubuhi.

"Dada, njoo bwawani."

"Kuna nini?"

"Usiulize. Njoo. Na uvae buti."

Dorene alikuta maji yameondoka. Bonde alilolijua maisha yake yote likiwa kioo sasa lilikuwa tope la kijivu lililopasukapasuka, na katikati yake mto umejirudia, mwembamba, unapita haraka kama mwenye safari. Na katikati ya mto palikuwa na lundo la mawe. Lilikuwa kubwa kuliko jiko la mama yake. Mawe ya mviringo, mawe bapa, ya bluu, ya kutu, yamelaliana, yanachuruzika maji.

Hakuelewa mara moja. Kisha akageuka akaona ule mti mweupe ukingoni na lile pengo la mlima nyuma yake. Ndizo alama za kutia boti nanga: mti uingie kwenye pengo, ndipo udondoshe. Bibi alimfundisha mama, mama akamfundisha yeye. Miaka yote ile, kwenye maji yasiyoonyesha kitu, kila mkono ulikuwa umelenga mahali pamoja. Hakuna jiwe hata moja lililopotea.

Akakaa kwenye tope, na buti zake, na koti lake jipya.

"Ndiyo," alisema Posey kwa sauti ndogo ambayo Dorene hakujua kama anayo. "Mimi pia nilikaa. Tazama pale, alama ya makalio yangu."

Haba na haba hujaza kibaba, na Dorene alikuwa amelisikia hilo tangu utotoni bila kujali. Sasa alikiona kibaba chenyewe. Alitazama lile lundo akawaona watu wake wote, waliokufa kabla hajazaliwa na waliokufa mikononi mwake, wamekaa pamoja mtoni wanamsubiri. Alilia bila kujificha.

Walikuwa bado wamekaa hapo alipokuja Bi. Hartsell, mkaguzi wa mambo ya kale kutoka serikali ya jimbo, mwanamke mrefu mwenye kofia ya jua na tope hadi mapajani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amepita bonde lote kwa miguu akitafuta huo uzio, maana watu wa kabila walimsihi. Alilizunguka lundo, akainama, akachokoa. Kisha akainuka na kitu mkononi.

"Samahani sana," alisema. "Hili ni tofali."

Dorene alitazama tofali. Posey alitazama mlima.

"Na hapa kuna kipande cha zege," Bi. Hartsell aliendelea. "Mawe mengine yana alama za tindo. Hiki ni kifusi cha juzi tu. Kimeachwa na wajenzi wa ukuta, nadhani, na kinaziba mto. Nisipopata kitu cha kale hapa, Jumatatu katapila litakisafisha ili samaki wapite." Akaonyesha ng'ambo. Katapila lilikuwa limeshafika, la manjano, limeinamisha shingo.

"Si kifusi," alisema Dorene. "Tumeyaweka sisi."

"Ninyi?"

Dorene akamweleza yote: boti, mti, pengo la mlima, kanuni. Bi. Hartsell alivua kofia akasikiliza mpaka mwisho, na mwishoni uso wake ulikuwa wa huzuni zaidi.

"Naamini kila neno," alisema. "Lakini ona hali yangu. Sheria inalinda kilichowekwa na watu wa kale. Mnaniambia wenyewe kwamba haya mmeyaweka ninyi. Kama chini yake kuna ukuta, mimi siuoni."

Hapo ndipo Dorene alipoling'amua kosa lao, na ni kosa ambalo hakuna ukoo mwingine duniani ungelifanya. Walikuwa wameuzika uzio wao kwa mapenzi. Wangekuwa wavivu, wangekuwa wameusahau kama wengine, leo ungekuwa wazi kwa kila mwenye macho.

"Basi tuyaondoe mawe," alisema Posey.

"Ni yenu," Bi. Hartsell alijibu. "Ya kwenu hayanihusu. Mpaka Jumatatu nitakuwa hapa."

Alipokwenda, Dorene alimgeukia ndugu yake. "Posey. Tofali?"

"Nilikuwa na miaka tisa! Kulikuwa na baridi, mnanipigia honi, nitatoa wapi jiwe? Shule ilikuwa inabomolewa, nikaokota." Akajikuna shingo. "Jiwe ni jiwe, hata likipikwa."

"Na zege?"

"Hilo ni la mjomba Cain. Usinibebeshe dhambi za marehemu."

Dorene angecheka siku nyingine. Lakini palikuwa na jambo zito ambalo wote wawili walilijua na hakuna aliyetaka kulitamka. Ulichompa Mtu Mrefu hukichukui tena. Watoto wa bonde lile wanajua hivyo kabla ya kujua kusoma.

Mama Nicie alikuwa jikoni, vidole vyake vikifunga mkate wa maharage kwenye majani ya mahindi bila kuhitaji macho. Dorene alimsimulia yote, hata katapila. Mikono ya mzee ilisimama simulizi ilipofika kwenye lundo.

"Yote? Yameangukia mahali pamoja?"

"Yote, mama. Hata la mtoto wa Posey la mwaka jana."

Mama Nicie alifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na unga.

"Na wewe ulikuwa huamini," alisema.

"Ulijua?"

"Nilikuzaa. Ulikuwa ukilitupa kama mtu anayetupa maganda."

Dorene aliinamisha kichwa. "Mama, kuuonyesha uzio lazima tuyatoe. La bibi, la Emerson, yote. Nimeshindwa kuamua." Emerson alikuwa mwanawe Mama Nicie wa kwanza, aliyekufa kwenye kiwanda cha mbao akiwa kijana. Jina lake halikutajwa mara nyingi kwenye nyumba ile.

Mzee alirudia kufunga mikate. Alifunga mmoja, akafunga mwingine.

"Bibi yangu alipokuwa msichana," Mama Nicie alisema, "walikuwa wakiingia mtoni kila mwaka na kufanya nini? Kuhamisha mawe. Hili limekwenda huku, lirudishwe kule. Nani kawaambia jiwe likishaingia mtoni halisogezwi? Halitoki, hilo ndilo nililowafundisha. Msilitoe hata moja kwenye maji. Yapitisheni mkono kwa mkono, yalale pembeni majini, kisha yatiwe mapengoni. Sisi tulikuwa tunadondosha kwa sababu hatukuweza kufika. Sasa mnaweza kufika, mnakaa kunililia jikoni?"

"Na kama chini hakuna kitu?"

"Basi nitakufa mjinga, na ninyi mtakuwa mmefanya mazoezi. Posey anayahitaji."

Jumamosi kulipopambazuka ukoo mzima ulikuwa mtoni, na watu wengine wa bonde ambao hawakuitwa, wa ukoo wa Mbwamwitu na wa Rangi, wamebeba kahawa na nyama ya nguruwe ya chumvi. Walipanga mstari ndani ya maji ya kiunoni, maji ya baridi ya kukata meno, wakaanza kupokezana. Mama Nicie aliketishwa ukingoni pale mstari ulipoishia, miguu yake majini, mablanketi mabegani. Alikataa kukaa garini. Kila jiwe lililofika mwisho lilipita mikononi mwake kwanza.

"Hili la dada yangu," alisema. "Alipenda yenye tumbo." Au, "Hili silijui, lakini asante." Lilipofika tofali alilipapasa pembe zote nne, akasema kwa sauti ya kusikika mto mzima, "Posey, nyumba yako utaijenga kwa tofali gani?" Watu walicheka hadi mstari ukakatika.

Adhuhuri Dorene, aliyekuwa juu kabisa ya lundo, aliinua jiwe jeupe linalong'aa, lenye mshipa wa waridi. Alilijua. Emerson alilishusha kutoka kileleni mgongoni mwake, akajisifu wiki nzima, na ndilo lililokuwa la mwisho kulidondosha. Dorene hakulikabidhi kwa mtu. Alitembea nalo kando ya mstari, ndani ya maji, hadi kwa mama yake, akamwekea mapajani. Hakusema la nani.

Mama Nicie aliweka kiganja juu ya jiwe. Kikatulia. Kisha akaliinamia, akalilazia shavu lake, na watu wote mtoni wakatazama pembeni, wakampa faragha yake.

"Limetakata," alisema mwishoni. "Mtu Mrefu amelitunza. Haya, liweke majini, liendelee na kazi."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka Bi. Hartsell alipopiga kelele. Alikuwa ameacha ukaguzi wake tangu asubuhi na kuingia kwenye mstari kama mtu mwingine yeyote, kofia imeshachukuliwa na maji. Sasa alikuwa amepiga magoti ndani ya mto, mikono imezama hadi mabegani.

"Simameni! Msiguse tena hapa!"

Chini ya mawe yaliyodondoshwa palikuwa na mawe mengine. Hayakulaliana ovyo. Yalikuwa mabapa makubwa yaliyosimamishwa kwa ubavu, moja limeegemea jingine, yote yameinamia kule mkondo unakotoka, yamebanana hivi kwamba kisu kisingepenya. Meusi kwa ukale. Ukuta ulikwenda upande mmoja, ukazama kwenye mchanga, ukatokeza tena. Ukaja upande wa pili vivyo hivyo. Na mahali mabawa yalipokaribiana, pakawa na mdomo, upana wa mgono mmoja. Lundo lilikuwa limekaa juu ya mdomo huo huo.

Posey alivua kofia. Dorene aliweka kiganja kwenye jiwe la ukuta akahisi mto wote ukisukuma nyuma yake, na jiwe halitikisiki. Nani aliliweka? Alikuwa mwanamke au mwanamume, alikuwa na njaa, alikuwa akiimba? Mkono ule ulikuwa mavumbi kabla mababu wa mwenye kampuni hawajajua bahari ina ng'ambo, na kazi yake bado inafanya kazi. Alijiona mdogo sana, na hakuwahi kufurahi kuwa mdogo kama siku ile.

"Katapila haliji hapa," alisema Bi. Hartsell. "Halitakuja. Hata ikibidi nilale mbele yake."

Ndipo, kwa ishara yake, Posey na vijana wawili wakaviringisha jiwe la mwisho lililoziba mdomo. Maji, ambayo kutwa nzima yalikuwa yakitafuta njia pembeni, yaliona mlango. Yalikusanyika kutoka bawa hili na bawa lile, yakaingia kwa pamoja. Juu ya uso wa mto mistari miwili ya povu ikajichora, kutoka ukingo hadi ukingo, ikakutana.

Na mto ukatoa sauti. Haikuwa ile ya maji yanayopita mawe. Ilikuwa nene, ya chini, ya kuendelea, na ilisikika kifuani kabla ya masikioni.

"Nyamazeni," alisema Mama Nicie, ingawa hakuna aliyekuwa akiongea. Alikuwa amesimama mwenyewe, mablanketi yameanguka, kichwa amekiinamisha upande. "Bibi alisema unaimba. Nikafikiri anatia chumvi." Akasikiliza, uso wake wazi kama wa mtoto. "Hakutia hata chembe."

Samaki wakubwa wenye mapezi mekundu walianza kupita mdomoni, mmoja mmoja, bila haraka, kana kwamba hawakuwahi kukatazwa. Hakuna aliyewavua siku hiyo.

Alfajiri ya Jumapili walimpeleka. Ukungu ulikuwa umelalia mto na mlima haujaonekana. Dorene alimshika mkono mmoja, Posey mwingine, wakamwingiza taratibu wakifuata bawa, naye akitembeza vidole vyake juu ya mawe kama anayesalimia watu kwenye foleni. Dorene alihisi mapigo ya mama yake kwenye kifundo cha mkono, mepesi, yanarukaruka. Aliogopa. Hakusema turudi.

Pale mdomoni mzee aliwaambia wamwachie. Akaelekea joto la kwanza la jua, ambalo alilihisi usoni kabla wao hawajaliona, akazama. Kila alipoibuka Dorene alipumua, na kila alipozama Dorene aliacha kupumua. Mara ya saba alikaa chini muda mrefu. Kisha akatoka, mvi zimeshikana usoni, anacheka bila meno.

"Nipe jiwe langu," alisema.

Lilikuwa mfukoni mwa Dorene, dogo, la kijani, la mwaka huu. Alimwekea kiganjani. Mama Nicie aliinama, akapapasa ukuta mpaka akapata pengo, akaligeuza jiwe huku na huku, akalisukuma kati ya wenzake. Maisha yake yote alikuwa ameyaachia mawe yakaenda asikokujua. Mkono wake ulibaki chini ya maji, umelibonyeza, anangoja. Mtu Mrefu alisukuma. Jiwe halikusogea.

"Limekaa," alisema.